Siku Papa Damien Alipotia Mikono Mfukoni

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, nimeanza vibaya. Mwaka 2016 nilikuwa bado nakaa Hillbrow, ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika nchi hii, na mtu anayepanda ngazi zile kila siku hana hamu ya kwenda kutazama chochote. Basi ilikuwa 2017, nimeshahamia Malvern, chumba cha nyuma kwa Mama Agnès, na magoti yangu yamepata amani. Mwezi wa tisa. Baridi imeondoka, lakini upepo wa vumbi ulikuwa haujaambiwa kwamba muda wake umekwisha.

Habari ninayotaka kueleza ni ya Papa Damien, mtu wa Kalemie, mlinzi wa magari. Wakongo wengi wa Johannesburg wameipitia kazi hiyo. Unavaa kizibao cha manjano kinachong'aa, unasimama kwenye pakingi ya maduka. Mtu akiegesha gari, unamwonyesha dole gumba. Akiingia dukani, unalitazama gari lake kama mtoto wa dada yako. Akitoka, unakwenda nyuma ya gari na kurusha mikono: rudi, rudi, kata, simama. Akitaka anakupa kitu kidogo, asipotaka anakupa tabasamu, na wengine hata hilo wanarudi nalo nyumbani.

Damien alikuwa na pakingi yake Kensington. Mtu mwembamba, mpole, maneno machache, na mikono mirefu kuliko alivyohitaji. Mikono hiyo haikujua kupumzika. Hata kanisani kwetu, ibada ikiisha na watu wakianza kusogeza viti, ungemwona Papa Damien amesimama nyuma ya mama mmoja mwenye kiti, anamwongoza: rudi, rudi, hapo hapo. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa hajui kama anafanya.

Mke wake alikuwa amefariki zamani, huko Kalemie. Sasa akampenda Mama Hélène.

Mama Hélène ni wa Bukavu, msusi, mwenye saluni yake Jules Street, katikati ya duka la matairi na duka la betri za magari. Naye alikuwa mjane, mwenye wajukuu wawili na ulimi wa kutosha watu wanne. Mteja akikaa kwenye kiti chake anaondoka na nywele nzuri, na habari zake zote zimebaki pale. Damien alipojikaza akamwambia anataka kumuoa, alimjibu mbele ya wateja, mbele yangu pia, maana mimi nilikuwa nimeingia kuomba maji ya kunywa.

"Papa Damien," alisema, mkono mmoja umeshika chanuo, "ukiongea na mimi, macho yako yanakuwa wapi?"

"Kwako, Mama."

"Kwangu. Juzi umesimama hapo mlangoni, umeniuliza habari za wajukuu, huku unatazama gari la mteja wangu lililokaa upande. Nikakujibu wajukuu wamepelekwa mwezini na askari. Unakumbuka ulisema nini?"

Damien hakukumbuka.

"Ulisema, Mungu ni mwema."

Wateja walicheka mpaka mmoja akachomwa sikio na pasi ya nywele. Damien alitazama viatu vyake. Hélène akamwonea huruma kidogo, si nyingi.

"Bon. Nipe siku moja," alisema. "Siku nzima uwe na mimi, si na magari ya watu. Bila kizibao, bila kurusha mikono. Nikiona inawezekana, nitakujibu. Nikiona haiwezekani, nitakujibu pia."

Hapo ndipo mimi nilipoingizwa. Mchungaji wetu Exaucé, kijana mzuri lakini mwenye sheria nyingi, alisema watu wawili ambao hawajafunga ndoa hawatembei peke yao, lazima mtu mzima awe kati yao. Nikamwambia, "Mchungaji, huyu bwana ndevu zake ni nyeupe, na huyu mama ni bibi wa watu. Unaogopa nini?" Akasema sheria haiulizi umri. Akanichagua mimi, kwa sababu sina kazi, na kwa sababu inajulikana kanisa zima kwamba François ukimwambia mahali fulani kuna kitu cha kutazama, yeye anavaa kofia.

Kumbe Damien alikuwa ameshachagua mahali. Alikuja kunionyesha tiketi tatu alizopewa na mteja wake wa pale pakingi. Nilivaa miwani nikasoma. Yalikuwa maonyesho ya magari. Magari ya Kimarekani ya zamani, yale yenye injini kubwa kupita haja ya mtu, adimu, mengine yamebaki machache duniani.

Nilivua miwani.

"Damien ndugu yangu. Mwanamke amekwambia usahau magari kwa siku moja, na wewe unampeleka kwenye magari?"

"Vieux, sikiliza kwanza," alisema, maana mzee kama mimi Wakongo wanamwita Vieux, na alisema kwa utulivu wa mtu aliyefikiri usiku kucha. "Ningempeleka kwenye bustani, nje ya bustani kuna pakingi. Ningempeleka kula, nje ya hoteli kuna pakingi. Kanisani, pakingi. Lakini kule kwenye maonyesho, kila gari mwenyewe amekaa kando yake kwenye kiti. Halina haja ya mlinzi. Ndipo mahali pekee mjini hapa ambapo mimi sina kazi."

Nilitafuta kosa katika maneno hayo, sikuliona. Mpaka leo naona yalikuwa na akili, isipokuwa hayakuwa ya kumweleza mwanamke.

Siku yenyewe, Jumamosi, tulipanda teksi mbili, tukashuka penye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, tukatembea mpaka kwenye uwanja wa nyasi. Damien alikuwa amevaa suti ya bluu aliyoshonewa na fundi wa Malvern, na kitambaa cha hariri kwenye mfuko wa kifua. Hélène alivaa gauni la kijani, kijani cha kasuku, ambalo ungeliona ukiwa Pretoria, na viatu vya kisigino. Mimi nilitembea katikati yao kama nilivyoagizwa. Walikuwa wanaongea juu ya kichwa changu, maana mimi ni mfupi.

Nisiwadanganye, magari yale yalinishinda. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini macho hayakuishia huko. Kulikuwa na Mustang, Pontiac, Dodge, Chevrolet, yamepangwa mistari juu ya nyasi, mekundu, meusi, ya machungwa, yamesuguliwa mpaka unaona meno yako ndani ya mlango. Boneti zote zimefunguliwa juu, na watu wamejipanga mbele wanachungulia injini bila kusema, kama jamaa waliokuja kumwona mtoto mchanga. Nyuma ya kila gari wenyewe wamekaa kwenye viti vya kukunja na sanduku la barafu. Mara moja moja mwenye gari anawasha injini, nayo inanguruma polepole, mpaka vifungo vya shati vinatetemeka. Hélène alishika kifua akasema hii ni kama spika za Mchungaji Exaucé siku ya mkesha.

Damien alicheka. Macho yake yalikuwa kwake. Nikasema moyoni, huenda.

Lakini mwanadamu ana njia yake ya kuona. Watu wote walikuwa wanapita mbele ya magari, penye boneti. Sisi, bila kujua, tulikuwa tunapita nyuma. Damien alitupeleka huko mwenyewe. Katika maisha yake yote ya kazi anasimama nyuma ya gari, na gari kwake ni buti na taa za nyuma, uso wake haujui.

"Hili zuri," anasema, na sisi watatu tunatazama buti. "Taa zake zimeungana toka huku mpaka huku. Ukiwa nyuma yake usiku huwezi kukosea."

"Na hili?"

"Hili taa tatu tatu, zimesimama. Zuri pia."

Hélène alivumilia mstari mzima. Kisha akasimama.

"Papa Damien, juu ya nini unanipitisha uani? Tumekuja kuiba?"

Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa kwenye kiti chake alisogeza miguu ili tupite kati yake na buti la gari lake, akatuangalia kwa adabu, kama mtu anayeona wageni wameingia kupitia jikoni. Damien aliona aibu. Alituzungusha mbele. Na mbele alipotea kabisa. Alitazama zile injini na nikeli zake kama unavyomtazama mtu ambaye mmekuwa mkizungumza naye kwa simu tu.

Tatizo la pili lilikuwa mikono. Saa za mchana magari mapya yalikuwa bado yanaingia, na kijana aliyewekwa kuyapanga hakuijua kazi. Anamwambia dereva aje, halafu anageuka kutazama simu. Nilimwona Damien anaanza. Kiwiko kiliinuka kwanza, halafu kiganja kikafunguka. Hélène alimtazama tu. Damien akashusha mikono, akaitia yote miwili mfukoni, akaisukuma mpaka chini kabisa, na suti ya fundi wa Malvern ikavutika mabegani. Hivyo ndivyo alivyotembea saa zote zilizobaki. Alinunuliwa mkate wenye soseji na Hélène, akaula kwa mkono mmoja, na huo mmoja ukirudi mfukoni kila alipotafuna. Nyuma yetu kijana wa magari anasema njoo, njoo, njoo, na tairi inapanda juu ya kamba ya hema. Jasho lilikuwa linamtiririka Damien, na hakukuwa na joto.

"Unaumwa?" Hélène alimuuliza.

"Hapana, Mama. Niambie habari za wajukuu."

Akamweleza. Na nakwambia alisikia, maana aliuliza jina la mwalimu wa yule mdogo, na Hélène akanigeukia akanikonyeza. Nikasema moyoni tena, huenda.

Jioni ilipokaribia, watu wakaanza kuondoka. Tulikuwa tumesimama kwenye njia iliyo kati ya mistari miwili. Hélène alikuwa ametangulia hatua chache kwenda kutazama Barracuda moja ya zambarau, gari lililokuwa na watu wengi kuliko mengine siku nzima. Kisigino chake kikazama kwenye nyasi. Kiatu kilibaki, mguu ukaendelea. Akarudi, akainama kukivuta, gauni la kijani limejaa njiani.

Mimi nilikuwa kando ya Damien. Nasema nilichokiona. Alikuwa anamtazama Hélène, macho hayakutoka kwenye lile gauni, na alikuwa anatabasamu kwa jinsi mama huyo alivyokuwa anakigombeza kiatu chake kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu. Gari hakuwa analitazama kabisa.

Ile Barracuda ikawaka, ikaanza kurudi nyuma. Hélène alikuwa ameinama nyuma yake, chini ya kioo cha dereva, na injini ile haikumwachia mtu kusikia kitu.

Sikumwona Damien akikimbia. Niliona tu mkono umetoka mfukoni, na makofi mawili yametua juu ya buti, pa, pa, kwa kiganja kizima. Ndivyo walinzi wa magari wanavyomwambia dereva asiyesikia asimame. Kwenye pakingi ya Kensington hakuna anayeshangaa. Pale uwanja wote uligeuka kututazama. Watu walikuwa wamezunguka gari lile toka asubuhi wameweka mikono mgongoni ili wasilipumulie, na sasa mtu amelipiga makofi.

Gari lilisimama. Hatua moja zaidi lingemlaza Hélène.

Mwenyewe alishuka, mtu mkubwa mwenye kofia ya majani, hakututazama sisi, alitazama buti. Alama ya kiganja ilikuwa pale juu ya nta, vidole vyote vimechorwa.

"Unajua umegusa nini?" alisema kwa Kiingereza, sauti imekauka. "Unajua yamebaki mangapi?"

"Sorry, bosi," Damien alisema, na tayari ametoa kitambaa cha hariri cha mfuko wa kifua, anafuta.

"Usiguse."

Damien aliacha. Ndipo yule bwana alipomwona Hélène, anainuka kutoka chini ya bampa, kiatu mkononi, majani kwenye nywele alizozisuka mwenyewe toka Ijumaa. Uso wa yule mtu ulibadilika. Alivua kofia. Alimwomba radhi Hélène mara nyingi, akaegemea gari lake mwenyewe kwa mkono mzima, naye akaacha alama yake hapo hapo kando ya ile nyingine. Hélène akamwambia kwa Kiingereza chake, "No problem, papa," nami nikamshika mkono, ndiyo kazi niliyotumwa.

Magari yalikuwa yameanza kujaa njiani nyuma na mbele. Yule bwana alijaribu kuingia garini, akatoka tena. Hakujiamini tena kulirudisha mwenyewe. Akamuuliza Damien, polepole sasa, kama anaweza kumsaidia kulitoa.

Damien alimtazama Hélène.

"Umeshaanza," Hélène alisema. "Maliza."

Ah. Mimi nimewaona watu wakicheza muziki, nimewaona maaskofu wakibariki. Damien alivua koti akanipa nilishike, akaenda nyuma ya ile Barracuda, na ile mikono mirefu ikafunguka. Rudi. Rudi. Kata kushoto. Kidogo. Simama. Yule kijana wa simu akasogea kando mwenyewe bila kuambiwa. Barracuda ikatoka kati ya hema na gari jingine bila kugusa hata unyasi, na nyuma yake mengine yakafuata, maana madereva walipoona kuna mtu anayejua wakajipanga. Yule bwana wa kofia alishusha kioo getini, akaingiza mkono mfukoni kumtafutia kitu. Damien akakataa.

"Leo mimi ni mgeni, bosi. Sharp, hamna shida."

Aliporudi kwetu, Hélène alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu, amevaa kiatu chake.

"Papa Damien, nikuulize kitu kimoja," alisema. "Ulipopiga lile kofi, ulikuwa unaniona mimi, au ulikuwa unaona gari linarudi?"

Nilimwangalia Damien. Nilimtumia jibu kwa nyusi, kwa pua, kwa kila nilichonacho usoni. Mtoto mdogo angelijua jibu la kutoa.

Damien alifuta mikono yake kwenye suruali.

"Gari, Mama," alisema. "Nililiona linarudi, nikapiga. Sikujua kama ni wewe."

Hélène akasema, "Sawa." Kwenye teksi ya kwanza hakusema, kwenye ya pili akasema tu, "Shusha kwenye robot," na hayo alimwambia dereva. Mimi katikati yao, nimekumbatia koti la Damien, nilikuwa kama mtu anayerudi na jeneza.

"Eish, Vieux," Damien aliniambia usiku ule nje ya geti la Mama Agnès. "Nimeharibu?"

"Umeharibu," nikamwambia. "Umeharibu kwa mikono, halafu ukamalizia kwa mdomo."

Jumapili Mchungaji Exaucé alinitaka ripoti. Nikamwambia hakuna dhambi iliyotendeka na wala haielekei itatendeka.

Wiki hiyo hiyo Hélène aliniita nimsindikize Kensington. Amebeba bakuli limefungwa kwa kitenge, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, na bugali bado wa moto. Tulimkuta Damien nyuma ya gari la mama mmoja wa Kikenya aliyetoka dukani, anamwongoza. Hélène alikwenda akasimama nyuma yake.

"Usigeuke," alisema. "Endelea na kazi. Nimekuja kukujibu."

Mikono ya Damien ilisimama hewani, na gari la yule mama likasimama pia.

"Marehemu mume wangu," Hélène alisema, "nilikuwa nikimuuliza kitu, ananijibu kile ninachotaka kusikia. Miaka yote ile, Damien. Mpaka siku anakufa sikujua alikuwa mtu gani. Wewe nimekuuliza, jibu zuri lilikuwa hapo, hata Vieux alikuwa anakuonyesha kwa pua, nilimwona. Na wewe ukasema gari." Akaweka bakuli juu ya ukuta mfupi. "Mtu kama huyo naweza kukaa naye. Nitaolewa. Sasa mtoe huyu mama, anataka kwenda nyumbani."

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Mchungaji Exaucé akahubiri juu ya ukweli katika nyumba, akataja ile Barracuda mara nyingi kuliko alivyomtaja Sara wa Abrahamu. Watu walipiga makofi. Hélène alimtazama mumewe kwa fahari, kwamba amepata mwanamume asiyejua kudanganya.

Mimi nilikaa mstari wa mbele, kama mtu wao. Na nikawa na jambo linaniwasha, maana nilikuwa kando ya Damien siku ile, na niliona macho yake yalipokuwa. Wakati wa chakula nikamvuta pembeni nikamuuliza. Akacheka, akaniwekea nyama nyingine kwenye sahani. Nimemuuliza tena baadaye, kwenye pakingi, akapungia gari mkono akaondoka. Hélène sikuthubutu kumuuliza. Basi nauliza hapa: kama macho yako hayakutoka kwenye gauni lile la kijani, Damien, na gari hukulitazama hata kidogo, ulimjibuje mama wa watu kwamba hukujua ni yeye?